Usilipie namba: ukweli kuhusu memori ya picha kwenye laptopu yako

Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta hapa Mombasa, na kwa miaka sasa wateja wananijia na ombi moja: "Fundi, niongezee VRAM." Wengine wameambiwa na watoto wao, wengine wamefungua mchezo au programu ya video ikawakatalia, ikasema memori ya picha haitoshi. Leo nataka kulieleza jambo hili waziwazi, kwa sababu Januari nusura limtoe mama mkwe wangu mtamba wake.

Mke wangu ni mtu wa Kalamba, kaunti ya Makueni. Ukienda huko unapanda treni ya asubuhi pale Miritini, unashuka Emali, kisha unatafuta matatu. Ni nchi ya maembe na machungwa. Kiwanda cha kaunti cha kusindika matunda kiko hapo hapo Kalamba, na baadhi ya maembe mnayobishania bei Kongowea yametoka upande huo. Lakini ni nchi kavu vilevile. Mvua ikinyesha, maji ya batini yote yanaelekezwa kwenye tangi, na tangi hilo ndilo la kupikia, la kufulia na la kunywesha mifugo mpaka mvua nyingine. Likumbukeni tangi hilo, nitalirudia.

Nilipofika nilimkuta shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, amekaa chini ya mwembe na laptopu mapajani, uso umemwiva. Kijana huyu hupiga video za harusi na mazishi, na ndiyo riziki yake. Alikuwa amepokea kazi ya harusi, nusu ya pesa ameshaipokea na ameshaitumia, na video ilitakiwa Jumamosi inayofuata. Kila akifungua programu ya kuhariri, inasema memori ya picha haitoshi, kisha inajifunga.

"Shemeji," akaniambia, "nimeshaipeleka kwa fundi mjini. Amenitoza 2,500, akaniongezea VRAM kutoka 128 mpaka 512. Nimeiona mwenyewe namba imepanda. Lakini bado inakufa. Sasa ameniambia ninunue laptopu yenye kadi yake ya picha, elfu sitini."

Mama mkwe akadakia kutoka jikoni: "Baba Salma, mimi nimeshamwambia mnunuzi aje Jumatatu kumwangalia mtamba. Mtoto hawezi kuaibika kwa watu."

Mtamba yule ndiye pekee aliyekuwa zizini. Angezaa, nyumba ile ingepata maziwa. Nikamwambia, "Mwaitu, ngoja kidogo. Kabla hujamuuza, nipe usiku mmoja niitazame hii mashine."

Nilisema hivyo kwa ujasiri kwa sababu ile kazi ya kutoka 128 mpaka 512 naijua. Naijua kwa kuwa nami niliwahi kuwafanyia watu na kupokea pesa zao, zamani nilipoanza ufundi, kabla sijaelewa nilichokuwa nakifanya.

Laptopu nyingi hazina memori ya picha ya kwao

Tuanze na msingi. Kompyuta inahitaji chipu ya kuchora kila unachokiona kwenye skrini. Kompyuta za gharama, hasa za michezo, zina kadi ya picha kando, yenye memori yake iliyobandikwa juu ya kadi hiyo hiyo. Hiyo ndiyo VRAM halisi. Kadi yenye GB 4 ina GB 4 zake, haombi mtu.

Laptopu nyingi tunazonunua sisi, mpya za bei ya chini na za mtumba kutoka Ulaya, hazina kadi hiyo. Chipu ya picha imo ndani ya prosesa yenyewe. Ndizo zile zinazoandikwa Intel HD, Intel UHD, Iris Xe, au AMD Radeon zilizomo ndani ya Ryzen. Chipu hizi hazina memori yao. Zinachota kwenye RAM ile ile inayotumiwa na Windows, kivinjari, Word na kila kitu kingine.

Hapo ndipo nikamwonyesha shemeji tangi la mama yake. Nikamwambia: kadi ya kando ni sawa na boma lenye matangi mawili, moja la nyumba na moja la mifugo. Laptopu yako ina tangi moja. Nyumba inachota hapo, na mbuzi wananyweshwa kutoka hapo. Hakuna fundi anayeweza kuongeza maji kwa kubadilisha maandishi yaliyo juu ya tangi.

Ile namba 128 maana yake nini?

Ukitaka kuiona kwenye Windows 10, fungua Settings, ingia System, kisha Display, kisha "Advanced display settings", halafu ubonyeze "Display adapter properties". Utaona mistari minne. Watu wengi husoma mstari wa pili tu, ule wa "Dedicated Video Memory", wakaona MB 128 na kushtuka. Mstari wa maana ni wa kwanza, "Total Available Graphics Memory", yaani jumla ya memori ambayo chipu ya picha inaruhusiwa kuifikia.

Kwa chipu za Intel, zile MB 128 si kikomo. Chipu ikihitaji zaidi inachota kwenye RAM, na ikimaliza inarudisha. Katika Windows 10 na 11, kwa kawaida inaruhusiwa kufika karibu nusu ya RAM yote. Laptopu yenye RAM ya GB 8 ina kikomo cha karibu GB 4 za picha. Ya shemeji ilikuwa na RAM ya GB 4, kwa hiyo kikomo chake kilikuwa karibu GB 2.

Tena, kwa kazi ya kuonyesha skrini peke yake, 128 ni nyingi. Fanya hesabu: skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli baiti 4, picha moja kamili haifiki MB 9. Anayeandika barua na kutazama filamu hana shida yoyote na namba hiyo. Shida huja kwenye michezo mikubwa, michoro ya majengo na video, kwa sababu hapo chipu hushika picha nyingi kwa wakati mmoja.

Alichokifanya fundi wa mjini

Ndani ya Windows kuna daftari kuu la mipangilio, rejistri. Mtu huingia sehemu ya Intel, akatengeneza jina "GMM", ndani yake akaandika "DedicatedSegmentSize" na kuweka namba 512. Ukiwasha upya, ile namba ya 128 inasomeka 512. Dakika tatu kazi imekwisha.

Lakini memori haijaongezeka hata baiti moja. Kilichobadilika ni jibu ambalo Windows hutoa programu inapouliza. Ni sawa na kuchukua chaki na kuandika "lita elfu kumi" kwenye tangi la lita elfu tano.

Nisiwe mwongo, lina faida moja. Kuna michezo na programu chache ambazo kabla ya kufunguka huuliza namba hiyo tu, na ikiwa ndogo hukataa hata kujaribu. Kwa hizo, chaki inaweza kukufungulia mlango. Ukishaingia, kasi ni ile ile. Na kama shida ilikuwa ni maji yenyewe kuisha, kama kwa shemeji, utakwama palepale ulipokwama.

Mimi niliwafanyia watu hivi nikidhani nawasaidia. Walikuwa wakirudi baada ya wiki, nami nikiwaambia mashine yao imezeeka.

Tukaingia kwenye BIOS

Ipo njia ya pili, na hii ni ya kweli. Ukizima laptopu, ukaiwasha huku ukibonyeza F2, F10, F1 au Delete kutegemea kampuni, unaingia BIOS, mipangilio inayosomwa kabla Windows haijaamka. Baadhi ya laptopu zina mstari wa kuchagua memori ya picha. Kwenye Intel unaweza kuandikwa "DVMT Pre-Allocated" au "Video Memory Size". Kwenye AMD mara nyingi ni "UMA Frame Buffer Size". Laptopu nyingi zimeuficha kabisa, na ya kwako ikiwa hivyo, usipakue BIOS ya kuchezewa kutoka mtandaoni. Ikikosea, mashine haiwaki tena, na gharama yake ni kubwa kuliko faida.

Ya shemeji ilikuwa nao. Tukafuta kwanza ile chaki ya rejistri, kisha tukachagua 512, tukahifadhi, tukawasha. Safari hii MB 512 zilikuwa za kweli. Na mashine ikawa nzito kuliko mwanzo! Kufungua folda tu ni kungoja.

Sababu ni ile ile ya tangi moja. Unapoweka 512 kwenye BIOS, unachota maji mapema, unayaweka kwenye pipa na kulifunga kwa kufuli: haya ni ya mbuzi tu. Mbuzi wakiwa na kiu au wakiwa wameshiba, nyumba haiwezi kuyagusa. Kwenye RAM ya GB 4, ambayo Windows na kivinjari peke yao huila zaidi ya nusu, umejinyonga mwenyewe. Tukarudisha 128 usiku huo huo.

Kwa AMD mambo yanatofautiana kidogo, kwa sababu programu nyingine huangalia zaidi lile pipa lililotengwa. Maoni yangu ni haya: ukiwa na RAM ya GB 16 na mashine inakuruhusu, kutenga GB 2 hakuna madhara. Ukiwa na 8, iache kwenye "Auto". Ukiwa na 4, usiguse. Mashine mpya zenye Ryzen AI zina hata mpangilio wa kutenga memori hiyo ndani ya programu ya AMD bila kuingia BIOS, lakini kanuni haibadiliki: unachompa mmoja umemnyima mwenzake.

Dawa ni tangi kubwa

Usiku ule nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikafunguka, nikaingia Performance, kisha Memory. Pale pameandikwa nafasi za RAM zilizotumika. Ilisomeka 1 kati ya 2. Shemeji alikuwa na nafasi tupu ndani ya laptopu yake muda wote huo, wala fundi wake hakuitazama.

Nikampigia mwenzangu wa kibandani Mombasa. Akatuma kipande cha GB 8 cha mtumba kwa basi la usiku la Nairobi, kikashushwa Emali alfajiri. Gharama, pamoja na kukisafirisha, ilikuwa shilingi 3,800. Jumapili adhuhuri tulikuwa tumeketi mezani, chaja imechomolewa, betri imetolewa, na shemeji mwenyewe ndiye aliyekibonyeza kipande mpaka kikalia "tak".

Tukawasha. RAM ikasomeka GB 12. Nikamwambia afungue ule ukurasa wenye mistari minne. Mstari wa pili ulikuwa bado 128. Akanitazama kama nimemdanganya. Nikamwambia asome mstari wa kwanza: karibu GB 6. Ile namba aliyolipia 2,500 haikusogea, na jumla ilikuwa imepanda mara tatu.

Kuna faida ya pili ambayo watu hawaielezwi. Vipande viwili vya RAM hufanya kazi kwa njia mbili sambamba. RAM ya DDR4 yenye kasi ya 2133, kama ya mashine ile, hupitisha karibu GB 17 kwa sekunde kwa kipande kimoja, na karibu 34 kwa viwili. Vikiwa havilingani, kama 4 na 8, sehemu inayolingana ndiyo hupata njia mbili na iliyozidi hubaki na njia moja, lakini bado unapata nafuu. Kwa chipu ya picha inayotegemea RAM hiyo kwa kila kitu, upana wa bomba ni muhimu kama ukubwa wa tangi. Kwa hiyo ukinunua laptopu ya GB 8, afadhali yenye vipande viwili vya 4 kuliko kimoja cha 8, ikiwa huna mpango wa kuongeza baadaye.

Yale ambayo hayakuponywa

Sitaki mtu atoke hapa akidhani RAM inageuza laptopu ya mtumba kuwa mashine ya studio. Kadi ya kando ya kawaida kama GTX 1650 ya GDDR5 hupitisha GB 128 kwa sekunde kwa ajili ya picha peke yake, na ina nguvu ya kuchora ambayo chipu ya ndani haina. RAM ikiongezeka, kazi iliyokuwa ikikatika haikatiki tena. Lakini chipu ni ile ile, na pale ilipokuwa ikienda polepole kwa uchovu wake yenyewe, itaendelea hivyo hivyo.

Shemeji aliliona hilo. Programu ilifunguka na haikujifunga. Lakini ilipocheza video ya 4K aliyoipiga kwa simu, ilikwamakwama. Hapo tukabadilisha njia ya kazi, siyo mashine. Alihamia Shotcut, programu ya bure iliyo nyepesi zaidi, inayoweza kutengeneza nakala ndogo za video. Unahariri kwa nakala ndogo, na mwisho inatoa kwa zile kubwa. Na simu akaishusha hadi 1080, kwa sababu wenye harusi wenyewe wataitazama video kwa simu. Kuitoa video nzima kulichukua karibu usiku kucha. Lakini ilitoka, na Ijumaa akaipeleka.

Ukiwa na shida kama hii

Kwanza, soma mstari wa kwanza wa memori ya picha, siyo wa pili. Kisha fungua programu inayokusumbua, ingia Task Manager, utazame Memory. Ikiwa RAM imejaa kwa asilimia 90 na kuendelea, tatizo ni RAM. Ikiwa RAM ina nafasi lakini GPU imefika 100, tatizo ni nguvu ya chipu, na hakuna memori itakayokusaidia. Punguza ukubwa wa picha au tafuta programu nyepesi.

Pili, hakikisha Windows yako ni ya biti 64. Ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 4, hata uongeze kumi.

Tatu, kabla ya kununua RAM jua aina yake. DDR3 haiingii penye DDR4, na DDR4 haiingii penye DDR5. Laptopu nyembamba nyingi zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, haiongezeki. Uliza hilo dukani kabla hujatoa pesa, maana ukishafika nyumbani halina dawa.

Nne, fundi akikwambia anakuongezea VRAM kwenye laptopu isiyo na kadi, muulize swali moja: "Unaitoa wapi?" Akisema anaitoa kwenye RAM yako kupitia BIOS, basi anajua anachosema, na mzungumze kama RAM yako inatosha kumegwa. Akikosa jibu, ondoka na laptopu yako.

Jumatatu ile mnunuzi alikuja kama alivyoahidi. Mama mkwe alimpa chai na maembe, akamwambia mtamba hauzwi. Mimi niliporudi Mombasa nilikaa na daftari langu la zamani la wateja. Wawili kati ya wale niliowaandikia 512 kwa chaki bado nina namba zao za simu. Nimewapigia, nimewaambia ukweli, na nimewaambia waje niwatazamie mashine zao bila malipo. Mmoja alicheka. Wa pili alinyamaza kidogo, kisha akaniambia laptopu ile alishaiuza kwa bei ya kutupa, kwa sababu mimi nilimwambia imezeeka.